Medali za Baada ya Ujana: Historia ya Michezo ya Dunia ya Maveterani

Michezo ya Dunia ya Maveterani ni mashindano ya kimataifa yanayokusanya michezo mingi mahali pamoja, kwa kawaida kila baada ya miaka minne, kwa ajili ya wanamichezo wa ridhaa, yaani wasiolipwa kwa kucheza, ambao umri wao umevuka ule wa kawaida wa ushindani. Umri wa chini wa kushiriki huwa takriban miaka 30, ingawa kila mchezo una kiwango chake, na tofauti na Olimpiki hakuna mchujo wa kufuzu wala timu ya taifa inayomteua mtu. Mshiriki hujisajili mwenyewe, akalipa ada, nauli na malazi kutoka mfukoni mwake, kisha akaenda kushindana na watu wa rika lake. Kanuni hiyo ya kujilipia imeamua kwa kiasi kikubwa nani aonekane uwanjani na nani abaki nyumbani, na asili yake ni ya zamani kuliko mashindano yenyewe, kwa sababu inatokana na ubishi wa karne ya kumi na tisa kuhusu nani hasa anastahili kuitwa mwanamichezo.

Ridhaa ya waungwana, 1879–1972

Katika Uingereza ya utawala wa Malkia Victoria, kucheza kwa ridhaa kulikuwa alama ya tabaka kabla ya kuwa suala la malipo. Waandaaji wa mashindano ya kupiga makasia ya Henley, kwenye mto Thames, walipotunga masharti yao mwaka 1879, hawakuwazuia tu watu waliokwisha kushindania fedha, bali waliwazuia pia mafundi na vibarua, kwa hoja kwamba kazi ya mikono ilimpa mtu nguvu ambazo muungwana hakuwa nazo. Hoja hiyo ilikuwa kisingizio. Lengo lilikuwa kuhakikisha kwamba anayeingia mashuani ni mtu mwenye muda na mali, asiyehitaji kufidiwa ujira wa siku anayoitumia mchezoni.

Pierre de Coubertin, Mfaransa aliyeitisha mkutano wa Paris wa mwaka 1894 uliozaa Olimpiki za kisasa, alilitumia suala hilo la ridhaa kama sababu rasmi ya kuwakutanisha wajumbe, na kwa njia hiyo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) ikazaliwa ikiwa imebeba sheria ambayo ingeisumbua kwa miaka mingi. Jim Thorpe, Mmarekani wa jamii za wenyeji wa asili aliyeshinda mashindano mawili ya mchanganyiko wa riadha kule Stockholm mwaka 1912, alinyang'anywa medali zake mwaka uliofuata kwa sababu aliwahi kupokea malipo madogo katika ligi za chini za besiboli. Avery Brundage, aliyeshindana na Thorpe huyo huyo mwaka 1912 na baadaye akaiongoza IOC tangu 1952 hadi 1972, aliitetea ridhaa kwa ukali kuliko mtu yeyote kabla yake.

Sheria hiyo ilikuwa na tokeo moja ambalo wakati ule halikuzungumzwa sana. Mtu asiyelipwa hulazimika siku moja kuchagua kati ya mazoezi na mkate wa watoto, na wengi walichagua mkate walipofika miaka 27 au 28, kabla miili yao haijaisha nguvu. Kustaafu mapema kukachukuliwa kuwa jambo la maumbile, na madaktari wengi wa nusu ya kwanza ya karne ya ishirini wakaunga mkono dhana hiyo kwa kuonya kwamba mbio ndefu ni hatari kwa moyo wa mtu mzima.

San Diego, Waldniel na Amarillo, 1966–1974

Dhana hiyo ilivunjwa katika miaka ya 1960 na watu waliofanya kazi mbalimbali na katika nchi mbalimbali. Kocha Arthur Lydiard wa New Zealand alikuwa amewaonyesha watu wazima kwamba wanaweza kukimbia polepole kwa muda mrefu bila madhara. Bill Bowerman, kocha wa Oregon aliyemtembelea, alirudi Marekani na wazo hilo na akalichapisha katika kitabu mwaka 1967, na mwaka uliofuata daktari Kenneth Cooper akatoa kitabu chake kuhusu mazoezi ya kuimarisha moyo na mapafu. Joging, neno ambalo leo kila kijana wa Dar es Salaam analijua, ilianza kuenea duniani wakati huo.

Kukimbia kwa afya na kushindana ni mambo mawili tofauti, na aliyeyaunganisha kwa upande wa riadha alikuwa David Pain, mwanasheria wa San Diego, California, aliyeanza kuwashawishi waandaaji wa mashindano ya vijana watenge mbio moja ya maili kwa ajili ya watu waliotimiza miaka 40. Mbio hizo zilipopokewa vizuri na watazamaji, aliandaa mwaka 1968 mashindano ya kwanza ya taifa ya riadha ya maveterani katika mji huo huo. Miaka miwili baadaye, mwezi Mei 1970, mashindano kama hayo ya kuogelea yalifanyika Amarillo, Texas, kwa juhudi za kocha John Spannuth na Ransom Arthur, daktari wa Jeshi la Majini la Marekani aliyekuwa na kituo chake cha kazi San Diego, ambaye aliamini kwamba watu wazima watafanya mazoezi kwa bidii zaidi wakiwa na tarehe ya mashindano mbele yao. Waogeleaji waliofika Amarillo walikuwa 46 tu.

Huko Ujerumani Magharibi, Ernst van Aaken, daktari wa mji mdogo wa Waldniel, alikuwa akipigana vita hivyo hivyo kwa njia yake. Alisisitiza kwamba wazee na wanawake, makundi mawili ambayo utabibu wa zama zile uliyaona kuwa dhaifu, yana uwezo mkubwa wa kustahimili umbali mrefu, na akasaidia kuunda umoja wa wakimbiaji wazee wa masafa marefu. Mwaka 1972 aligongwa na gari akiwa mazoezini, akakatwa miguu yote miwili, na bado mwezi Septemba 1974, akiwa katika kiti cha magurudumu, aliandaa Waldniel mbio za marathoni za kimataifa kwa wanawake peke yao, miaka kumi kabla Olimpiki haijawaruhusu wanawake kukimbia umbali huo. Uhusiano kati ya harakati za wanawake na za maveterani katika riadha mara nyingi husahaulika, ilhali mwanzoni zilitegemea watu wale wale na hoja ile ile ya kitabibu.

Kiangazi cha 1972 kilikuwa na maana ya pekee. Wakati Brundage akijiandaa kung'atuka baada ya Olimpiki ya Munich, Pain aliongoza msafara wa maveterani wa Kimarekani kwenda Ulaya, ambako walishindana na wenzao London na Cologne, na mazungumzo ya safari hiyo yakazaa wazo la ubingwa wa dunia.

Toronto mara mbili, 1975–1985

Ubingwa wa kwanza wa dunia wa riadha ya maveterani ulifanyika Toronto, Kanada, mwezi Agosti 1975, chini ya uongozi wa Don Farquharson, na uliwavuta zaidi ya wanariadha 1,400 kutoka nchi zipatazo 32. Mashindano ya pili yaliyofanyika Gothenburg, Sweden, mwaka 1977 ndiyo yaliyozaa chombo cha kudumu, Chama cha Dunia cha Wanariadha Maveterani (WAVA), na Farquharson akawa rais wake wa kwanza.

Kanada haikuchaguliwa kwa bahati. Tangu 1971 nchi hiyo ilikuwa na shirika lililoitwa ParticipACTION, lililoundwa kuwahimiza raia wafanye mazoezi, na mwaka 1973 shirika hilo lilirusha kwenye televisheni tangazo la sekunde 15 lililomwonyesha Msweden wa miaka 60 akikimbia sambamba na Mkanada wa miaka 30, huku watazamaji wakielezwa kwamba wawili hao wana afya sawa ya mwili. Ulinganisho huo ulikuwa propaganda zaidi kuliko sayansi, lakini uliwauma Wakanada, na serikali pamoja na wafadhili wakawa tayari kusikiliza kila mpango wa michezo ya watu wazima.

Katika mazingira hayo Toronto iliandaa, mwezi Agosti 1985, Michezo ya kwanza ya Dunia ya Maveterani. Riadha na kuogelea vilikuwa tayari na mashindano yake, kwa hiyo jambo jipya hapa lilikuwa kuyaweka pamoja yale yaliyotawanyika, na washiriki zaidi ya 8,000 kutoka nchi 61 walishindana katika michezo 22. Mwaka mmoja kabla yake, Olimpiki ya Los Angeles ilikuwa imepata faida ya zaidi ya dola milioni 200, na IOC, iliyokwisha kulegeza masharti ya ridhaa tangu katikati ya miaka ya 1970, ilikuwa karibu kuyaachia mashirikisho ya kila mchezo yaamue kama wanamichezo wa kulipwa waruhusiwe. Wacheza tenisi wa kulipwa waliingia Seoul mwaka 1988, na nyota wa kikapu wa NBA wakaingia Barcelona mwaka 1992. Wachezaji wa kulipwa walipofunguliwa milango ya Olimpiki, ridhaa ilihamia kwa watu ambao Olimpiki haikuwahi kuwafikiria, wenye mvi, pensheni na likizo za mwaka.

Marekani yenyewe ilikwenda njia yake. Mashindano ya taifa ya watu wa miaka 50 na kuendelea yalianza St. Louis mwaka 1987 na kuwavuta washiriki wapatao 2,500, lakini waandaaji wake, waliopenda kuyaita Olimpiki ya wazee, walilazimika baadaye kubadili jina, kwa kuwa sheria ya mwaka 1978 iliipa kamati ya Olimpiki ya nchi hiyo haki ya pekee juu ya jina hilo.

Rika, tufe na dawa

Ushindani wa watu wenye umri tofauti usingewezekana bila kanuni za kusawazisha, na kanuni hizo ndizo sehemu ya historia hii iliyofanyiwa kazi kwa uangalifu mkubwa zaidi. Msingi wake ni rika la miaka mitano mitano, 35 hadi 39, 40 hadi 44, na kuendelea mpaka wenye miaka 100 na zaidi. Kadiri rika linavyopanda, vifaa hupungua uzito na umbali hufupishwa. Tufe la wanaume lina uzito wa kilo 7.26 hadi umri wa miaka 49, kisha huwa kilo 6 kwa wenye miaka ya hamsini, kilo 5 kwa wenye miaka ya sitini, kilo 4 kwa wenye miaka ya sabini, na kilo 3 kuanzia miaka 80. Mbio za kuruka viunzi, ambazo kwa wanaume wa chini ya miaka 50 ni za mita 110, hufupishwa kuwa mita 100 na hatimaye mita 80, na viunzi vyenyewe hushushwa.

Utaratibu huu ulizaa tabia ambayo haipatikani katika michezo ya vijana, nayo ni mwanamichezo kufurahia kuzeeka, kwa sababu anayetimiza miaka 60 huingia katika rika jipya akiwa mdogo kuliko wote na huwa na matumaini makubwa ya medali kuliko alivyokuwa nayo akiwa na miaka 59. Ulizaa pia udhaifu wake, kwani katika marika ya juu kabisa mashindano huweza kuwa na mshiriki mmoja tu. Man Kaur wa India, aliyeanza riadha akiwa na miaka 93, alishinda mita 100 kule Auckland mwaka 2017 akiwa na miaka 101 kwa kutumia takriban sekunde 74, na hakuwa na mpinzani katika rika lake. Ruth Frith wa Australia alikuwa amefanya jambo la aina hiyo Sydney mwaka 2009, alipotupa tufe akiwa na miaka 100. Vyombo vya habari hupenda sana picha za watu hawa, lakini zinapotosha kidogo, kwa sababu ushindani mkali wa maveterani hauko kwa wenye miaka mia bali kwa wenye miaka kati ya 45 na 70, ambako fainali hujaa na sekunde huhesabiwa kwa mia zake.

Kipimo halisi cha mageuzi haya ni mtu kama Ed Whitlock, mhandisi wa migodi mstaafu aliyezaliwa Uingereza na kuishi Milton, Ontario, ambaye kwa miaka mingi alifanya mazoezi kwa kuzunguka makaburi ya mji wake kwa saa nyingi kila siku, bila kocha, akivaa viatu vilivyochakaa. Mwaka 2003 alikuwa mtu wa kwanza aliyevuka miaka 70 kukimbia marathoni chini ya saa tatu, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 73, alitumia saa 2, dakika 54 na sekunde 48, muda ambao wakimbiaji wengi wa ridhaa wenye umri wa nusu yake hawaufikii.

Udhibiti wa dawa zilizokatazwa ulileta tatizo la aina yake. Kanuni za kimataifa za kupambana na dawa hizo huwahusu maveterani pia, ila katika umri huo dawa ya hospitali ni jambo la kila siku, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu, hasa zile za kuongeza mkojo, zimo katika orodha ya zilizokatazwa kwa sababu zinaweza kuficha nyingine. Mgonjwa wa shinikizo la damu aliyeandikiwa dawa hizo hulazimika kuomba ruhusa ya matumizi kwa ajili ya matibabu, na asipofanya hivyo huweza kufungiwa kama kijana aliyejidunga homoni.

Miji yagombea wageni, 1989–2017

Baada ya Toronto mashindano yalikwenda Denmark mwaka 1989, katika miji ya Aalborg, Aarhus na Herning, kwa mafanikio ya wastani. Mageuzi yalitokea Brisbane, Australia, mwaka 1994, pale walipojitokeza washiriki zaidi ya 23,000. Australia ilikuwa na udongo ulioandaliwa, kwa kuwa Alice Springs, mji wa katikati ya jangwa, ulikuwa na michezo yake ya maveterani tangu 1986, na nchi nzima ilikuwa na mashindano yake ya taifa mwaka uliofuata.

Wakuu wa miji waliyasoma matokeo ya Brisbane kwa jicho la biashara. Mwanariadha wa Olimpiki hulala katika kijiji cha wanamichezo kwa gharama ya mwenyeji na kuondoka akimaliza, ilhali veterani hulipia hoteli, huja na mwenzi wake na pengine wajukuu, hula mkahawani, na akishatolewa raundi ya kwanza hubaki wiki nzima akitalii. Kwa vile viwanja vinavyotumika ni vile vilivyokwisha kujengwa, mji haulazimiki kuingia deni la ujenzi. Mwaka 1995 iliundwa Jumuiya ya Kimataifa ya Michezo ya Maveterani (IMGA), yenye makao yake Lausanne, Uswisi, jirani na IOC, ili kumiliki mashindano na kugawa uenyeji, na Kai Holm wa Denmark akawa kiongozi wake kwa miaka mingi. Sergey Bubka, bingwa wa zamani wa kuruka kwa upondo kutoka Ukraine, ndiye aliyemrithi.

Portland mwaka 1998 ilikuwa hatua ya kurudi nyuma, kwani washiriki walishuka hadi karibu 11,000, lakini Melbourne mwaka 2002 ilirejesha idadi ya zaidi ya 20,000. Mzunguko ulisogezwa ili mashindano yaangukie mwaka unaofuata Olimpiki, na ndiyo maana Edmonton iliandaa mwaka 2005, miaka mitatu tu baada ya Melbourne. Sydney mwaka 2009 ilivuka washiriki 28,000, ambao ni zaidi ya mara mbili na nusu ya wanamichezo waliokuja mji huo huo kwa ajili ya Olimpiki ya mwaka 2000, na wengi wao walishindana katika viwanja vile vile. Torino ilifuata mwaka 2013 na Auckland mwaka 2017. Wakati huo huo yaliongezwa mashindano ya majira ya baridi, yaliyoanzia Bled, Slovenia, mwaka 2010, na yale ya mabara, ambayo kwa Ulaya yalianzia Malmö mwaka 2008.

Mahali pa Afrika

Katika orodha hiyo yote hakuna mji wa Afrika. Riadha peke yake iliwahi kufika barani, pale Durban ilipoandaa ubingwa wa dunia wa WAVA mwaka 1997, na hata hatua hiyo ilichelewa, kwa kuwa suala la wanariadha wa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi lilikuwa limekisumbua chama hicho kwa miaka mingi. Waliowatetea walidai kwamba veterani hushindana kwa jina lake na si kwa jina la nchi, na wapinzani wao walijibu kwamba jina hilo lilitoka katika nchi iliyowanyima wengi uwanja wa kufanyia mazoezi. Durban iliwezekana miaka mitatu baada ya uchaguzi wa 1994.

Hata hivyo, uchache wa Waafrika kwenye mashindano haya hauelezwi na siasa peke yake. Mkimbiaji wa Kenya mwenye miaka 40 akiwa bado na mbio miguuni ana sababu nzuri ya kutojisajili mahali ambapo hulipwi bali unalipa. Kenneth Mungara, aliyekuwa kinyozi kabla ya kuingia kwenye mbio akiwa mtu mzima, alishinda marathoni ya Gold Coast, Australia, mwaka 2015 akiwa na miaka 41, kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 42, muda ambao ulikuwa rekodi ya dunia kwa waliotimiza miaka 40, na alishinda katika mbio za wazi zenye zawadi ya fedha. Ndivyo sharti la Henley lilivyorudi kwa mlango wa nyuma: kibarua hakatazwi tena kuingia mashuani, ila nauli ya kufika kwenye mto ni juu yake.

Afrika Mashariki imejaza pengo hilo kwa njia yake. Timu za maveterani za kandanda, zenye wachezaji waliovuka miaka 35 au 40, na mabonanza ya vikundi vya joging vya Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa huendeshwa kwa michango ya wanachama. Michezo ya SHIMIWI ya watumishi wa wizara na idara za serikali ya Tanzania, na ile ya SHIMMUTA ya mashirika ya umma, taasisi na makampuni, ni mashindano ya michezo mingi kwa watu wazima wa ridhaa, kama ilivyo michezo ya wabunge wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ila mwajiri ndiye anayetoa ruhusa, usafiri na posho. Mfumo huu una mipaka yake, kwa sababu mkulima, mama lishe na mstaafu hawana mwajiri wa kuwasafirisha.

Korona na kalenda iliyovurugika, 2020–2027

Kansai, eneo la magharibi mwa Japani lenye miji ya Osaka, Kyoto na Kobe, lilipewa mashindano ya mwaka 2021 ambayo yangekuwa ya kwanza barani Asia. Ugonjwa wa korona, ambao ni hatari zaidi kwa wazee, uliwafanya waandaaji wayasogeze hadi 2022, kisha wayasogeze tena, na hatimaye Mei 2027 ikapangwa. Kwa sababu Taipei na New Taipei zilikuwa zimekwisha kupewa mwaka 2025, ndizo zilizokuwa za kwanza Asia, na mwezi Mei mwaka huo zilipokea washiriki zaidi ya 20,000. Abu Dhabi ilipewa uenyeji wa mashindano ya wazi ya maveterani ya Februari 2026, na kwa hatua hiyo IMGA iliisogelea Ghuba kwa mara ya kwanza.

Kwa maveterani, kuahirisha si kungoja tu. Mwanamume aliyejiandaa kutupa tufe Kansai mwaka 2021 akiwa na miaka 64 atafika mwaka 2027 akiwa na miaka 70, atawaacha wapinzani wake wa miaka ya sitini, na mkononi atakuwa na tufe la kilo 4 badala ya lile la kilo 5 alilolifanyia mazoezi.